Tangu Franco mpaka Innoss'B: nani anahesabu nyimbo tunazopenda?

Siku ya posho jioni, kwenye sali ya sherehe ya ndoa. Iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, mambo ni yale yale. DJ anaweka rumba ya Franco, wazee wanasimama mmoja mmoja na wake zao, wanacheza polepole. Nyimbo mbili hazijaisha, vijana wameanza kunung'unika. Mmoja anamfuata DJ na simu mkononi. Muziki unabadilika, vijana wanajaa katikati ya sali, na papa mmoja anarudi kwenye kiti chake akisema maneno tuliyokwisha kusikia mara nyingi: muziki wa leo si muziki, ni makelele tu.

Kijana naye anajibu kwamba mzee amebaki nyuma. Ubishi huo hauna mwisho kwa sababu kila mmoja anasema kufuatana na moyo wake na kumbukumbu zake. Lakini, je, kuna njia ya kujua ukweli? Muziki umebadilika kweli, ao ni masikio yetu ndiyo yamezeeka? Na kama umebadilika, ulibadilika mwaka gani, na nani aliubadilisha?

Katika miaka hii ya karibu, watafiti wa inchi mbalimbali wamejaribu kujibu maswali hayo kwa hesabu. Wanachukua maelfu ya nyimbo, wanazipima kwa kompyuta, wanapanga matokeo mwaka kwa mwaka, kisha wanatazama ni wapi mstari unapinda. Kazi yao inatuhusu hata sisi huku mashariki mwa Congo. Inatusaidia kuelewa ubishi wa kwenye ndoa, na inatuonyesha pia kile tunachopoteza kila siku kwa sababu huku kwetu hatujazoea kuhesabu.

Nyimbo 17,000 ndani ya kompyuta

Uchunguzi unaojulikana sana katika jambo hili ulitolewa mwaka wa 2015 na Matthias Mauch na Armand Leroi, wa vyuo vikuu viwili vya London, Queen Mary na Imperial College, pamoja na wenzao wawili. Walichukua nyimbo karibu 17,000 zilizoingia katika orodha ya Billboard Hot 100 ya Marekani tangu mwaka wa 1960 mpaka 2010. Kwa kila wimbo walikuwa na kipande cha sekunde 30 hivi. Kompyuta ilipima mambo mawili makubwa: namna sauti za ala na za waimbaji zilivyo, na namna noti zinavyopangwa pamoja kuunda akodi.

Matokeo yalionyesha kwamba muziki haubadiliki kwa mwendo mmoja. Kuna miaka ambapo unatembea polepole, na kuna miaka ambapo unaruka. Watafiti hao waliona miruko mitatu mikubwa: mwaka wa 1964, mwaka wa 1983, na mwaka wa 1991. Ule wa 1964 ulikuwa wakati wa magitaa ya roki na muziki wa soul. Ule wa 1983 ulikuja na mashine za kupiga ngoma na vinanda vya umeme. Ule wa 1991, ambao ndio mkubwa kuliko yote, ulikuwa kupanda kwa rap.

Jambo moja liliwashangaza wengi. Watu wamezoea kusema kwamba Beatles na bendi nyingine za Uingereza ndizo zilizogeuza muziki wa Marekani mwaka wa 1964. Hesabu ilionyesha kwamba mabadiliko yalikuwa yameanza mbele ya bendi hizo kufika. Walikuta mto ukiwa tayari unatiririka upande huo, wao wakaongeza maji.

Na vipi kuhusu malalamiko ya kwamba nyimbo zote za leo zinafanana? Hapa watafiti hawasemi jambo moja. Watu wa London waliona kwamba wakati ambapo nyimbo zilifanana zaidi ilikuwa karibu na mwaka wa 1986, kisha tofauti zikarudi. Lakini mwaka wa 2012, Joan Serrà na wenzake wa Barcelona, huko Hispania, walikuwa wamepima nyimbo 464,411 za tangu mwaka wa 1955 mpaka 2010. Wao waliona kwamba njia za kutoka noti moja kwenda nyingine zimepungua, aina za sauti zimekaribiana, na nyimbo zinarekodiwa kwa sauti ya juu zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo, papa wa kwenye ndoa anayesema «makelele» hakukosea kabisa: kuna kitu kilichopanda, na kilipimwa. Lakini hakushinda kesi yote. Watafiti hawa wawili walitumia nyimbo tofauti na vipimo tofauti, wakapata majibu tofauti. Namba nazo zinajibu kufuatana na swali uliloziuliza.

Huzuni inapanda, lakini watu wanataka kucheza

Mwaka wa 2018, kundi la Chuo Kikuu cha California huko Irvine lilitoa uchunguzi mwingine. Myra Interiano, Natalia Komarova na wenzao walipitia nyimbo 500,000 zilizotoka Uingereza katika miaka 30, tangu 1985 mpaka 2015. Waliona kwamba kwa ujumla nyimbo zenye furaha zilipungua, na zenye huzuni ziliongezeka.

Lakini walipotenga nyimbo zilizofaulu, zile zilizoingia katika orodha ya kuuza sana, waliona kwamba hizo zilikuwa na furaha na zilifaa kwa kucheza kuliko nyimbo nyingine za mwaka ule ule. Hii inatufundisha kitu: muziki ambao wasanii wanatengeneza na muziki ambao watu wanachagua ni vitu viwili. Mtu akitazama upande mmoja tu, atadanganyika. Anayetaka kujua ladha ya watu inabidi ahesabu vyote viwili, kile kilichotolewa na kile kilichosikilizwa.

Siku hesabu ilipogeuka, muziki «ukageuka»

Kuna hadithi moja ambayo kila mtu anayependa takwimu angepaswa kuikumbuka. Zamani, gazeti la Billboard lilitengeneza orodha zake kwa kuuliza maduka ya muziki na vituo vya redio. Muuzaji alipigiwa simu, akaulizwa ni albamu gani zinazouzwa zaidi wiki hiyo. Naye alijibu kufuatana na kumbukumbu yake, ladha yake, na pengine urafiki wake na kampuni za muziki.

Tarehe 25 Mei 1991, Billboard ilianza kutumia namna mpya kwa orodha ya albamu. Mashine za kwenye maduka zilisoma alama za bei za kila albamu iliyouzwa, na hesabu ikatumwa kupitia kampuni ya SoundScan. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, orodha ya nyimbo ikafuata njia hiyo, pamoja na mashine zilizosikiliza redio na kutambua nyimbo zilizopigwa.

Ndani ya muda mfupi, sura ya muziki wa Marekani ilibadilika kwenye karatasi. Rap na kantri vilipanda. Mwezi wa Juni 1991, kundi la rap la N.W.A lilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu. Garth Brooks, mwimbaji wa kantri, naye alifika nafasi hiyo mwaka huo. Watu walionunua muziki huo walikuwako tangu zamani. Ni kwamba hawakuwa wakihesabiwa vizuri, kwa sababu yule aliyejibu simu hakuwapa uzito.

Sasa rudi kwenye uchunguzi wa London: mruko mkubwa kuliko yote ulionekana mwaka wa 1991, mwaka ule ule ambapo namna ya kuhesabu iligeuzwa. Je, ni muziki uliobadilika ghafula, ao ni mizani? Pengine vyote viwili. Rap ilikuwa inapanda kweli, lakini mizani mipya iliifanya ionekane kwa mara moja. Kwa hiyo, mbele ya kuamini namba yoyote juu ya ladha ya watu, lazima kuuliza: nani alihesabu, alihesabu namna gani, na nani alibaki nje ya hesabu?

Tunapenda kile ambacho wengine wanapenda

Uchunguzi mwingine unagusa moja kwa moja mambo ya leo ya YouTube na mitandao. Mwaka wa 2006, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walifungua soko la muziki kwenye intaneti. Waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Watu zaidi ya 14,000 waliingia, wakasikiliza, na wakachukua nyimbo walizotaka.

Ujanja ulikuwa hapa: watafiti waliwagawa watu katika makundi bila wao kujua. Kundi moja liliona majina ya nyimbo peke yake. Makundi mengine manane yaliona pia ni watu wangapi wa kundi lao wamekwisha kuchukua kila wimbo. Kila kundi lilianzia kwenye sifuri, na nyimbo zilikuwa zile zile.

Kama ubora wa wimbo peke yake ndio unaoamua, makundi yote manane yangetoa washindi wale wale. Haikuwa hivyo. Wimbo ulioshinda katika kundi moja ulianguka mbali chini katika kundi lingine. Nyimbo nzuri sana hazikuanguka chini kabisa mara nyingi, na nyimbo mbaya sana hazikupanda juu mara nyingi. Lakini kwa zile za katikati, ambazo ni nyingi, ilikuwa kama bahati nasibu: watu wachache wa kwanza walichagua, na wengine wakafuata.

Baadaye, mwaka wa 2008, Salganik na Watts walitoa matokeo ya jaribio lingine, ambamo waligeuza hesabu kwa makusudi: nyimbo za mwisho zikaonyeshwa kama za kwanza. Nyingi za nyimbo hizo zilipanda kweli, kwa sababu watu waliamini namba. Zile nzuri zaidi zilianza kurudi juu polepole. Lakini kulikuwa na hasara moja: kwa jumla watu walichukua nyimbo chache kuliko mbele. Walipodanganywa juu ya kile kinachopendwa, hamu yenyewe ilipungua.

Msanii kijana wa huku kwetu anayeshawishiwa kununua «views» afikiri juu ya jambo hilo. Namba za uongo zinaweza kumsukuma juu kwa muda, lakini zikiwa nyingi sokoni, msikilizaji anachoka na soko lote, na wote wanapata hasara, hata yule aliyeimba vizuri.

Kwa nini papa anarudi kwa Franco?

Utafiti umemtazama pia msikilizaji mwenyewe. Mwaka wa 1989, Morris Holbrook na Robert Schindler walisikilizisha watu 108, wenye miaka 16 mpaka 86, vipande vya nyimbo 28 za vipindi tofauti. Kila mmoja alisema anapenda wimbo kwa kiasi gani. Matokeo: kwa wastani, watu walipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi.

Tufanye hesabu ya huku kwetu. Mtu aliyezaliwa mwaka wa 1962 alikuwa na miaka 23 mwaka wa 1985, mwaka ambapo Franco na TPOK Jazz walitoa «Mario». Aliyezaliwa mwaka wa 1975 alikuwa na miaka 22 mwaka wa 1997, wakati Wenge Musica ilipogawanyika na ndombolo ilipokuwa inawasha moto kila mahali. Aliyezaliwa mwaka wa 1997, kama Innoss'B mwenyewe, mtoto wa Goma, alikuwa na miaka 22 mwaka wa 2019, «Yo Pe» ilipotoka na Diamond Platnumz akaingia katika toleo lake la pili. Watatu hao wakikutana kwenye ndoa moja, kila mmoja atasema kwamba muziki wa kweli ni ule wa wakati wake. Hakuna anayesema uongo. Kila mmoja anazungumzia ujana wake.

Lakini kuna habari nzuri kwa wazazi. Mwaka wa 2013, Carol Lynne Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na Justin Zupnick walipima vijana wa miaka 20 hivi kwa nyimbo zilizovuma tangu mwaka wa 1955 mpaka 2009. Kama ilivyotarajiwa, vijana walikumbuka nyimbo za wakati wao. Lakini kumbukumbu zao zilipanda tena kwenye nyimbo za wakati ambapo wazazi wao walikuwa vijana. Muziki unaopigwa nyumbani mtoto akiwa mdogo unabaki ndani yake. Kijana anayenung'unika leo juu ya rumba, kesho kwenye ndoa ya mtoto wake ndiye atakayeiomba.

Dunia haikuwa kijiji kimoja

Wengi waliogopa kwamba intaneti itafanya dunia yote isikilize nyimbo zile zile za Marekani. Mwaka wa 2021, Pablo Bello na David Garcia walitoa uchunguzi juu ya orodha za Spotify za inchi 39, tangu mwaka wa 2017 mpaka 2020. Waliona kinyume: orodha za inchi hizo ziliendelea kutofautiana, na idadi ya nyimbo tofauti zilizoingia humo iliongezeka. Watu walipopata nafasi ya kuchagua, wengi walichagua vyao.

Sisi tunajua jambo hilo bila kompyuta. Fally Ipupa alijaza Paris La Défense Arena mwezi wa Novemba 2023 kwa muziki ambao mizizi yake iko Kinshasa. Rumba ya Congo iliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO mwezi wa Desemba 2021, kwa ombi la Congo zote mbili. Lakini tukumbuke swali letu la mizani: Spotify yenyewe ilifika Congo mwaka wa 2021. Katika ule uchunguzi wa inchi 39, masikio yetu hayamo.

Na hata leo, hesabu ya intaneti inamwona mwenye mega tu. Haimwoni mama wa soko la Virunga anayesikiliza redio, wala dereva wa motari aliyejaziwa nyimbo 200 kwenye flashi. Haiwaoni pia wanafunzi wanaotumiana nyimbo kwa Bluetooth bila kutumia hata mega moja.

Huku kwetu, kumbukumbu ziko wapi?

Tusiseme kwamba hatuna kitu. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Congo ya wakati wa Wabelgiji na mashine ya kurekodi. Huko Jadotville, Likasi ya leo, alirekodi gitaa la Jean Bosco Mwenda, kijana aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye kidole chake kimewafundisha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki yote. Mwaka ule ule alipita kando ya pori la Ituri, akarekodi Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti. Sauti hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka wa 1954, ILAM, ambayo leo iko kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Huko Tervuren, Ubelgiji, jumba la makumbusho la Afrika ya Kati linahifadhi rekodi zetu za tangu mwanzo wa karne ya 20, za kwanza zikiwa kwenye mitungi ya nta. Zimegeuzwa kuwa faili za kompyuta. Mwaka wa 2009, Dirk Moelants, Olmo Cornelis na Marc Leman wa mji wa Gent walipima ngazi za noti katika rekodi za Kiafrika za jumba hilo. Waliona kwamba rekodi za zamani zina ngazi zao zenyewe, kufuatana na ala na mahali. Zile za karibu zaidi zinaelekea kwenye ngazi ya Ulaya, ile ya piano. Mabadiliko hayo yaliingia polepole pamoja na gitaa, ogani ya kanisa na redio, na bila rekodi za zamani tusingeweza kuyapima.

Lakini tazama ramani: kumbukumbu ya Wanande iko Afrika Kusini, ile ya inchi yote iko Ubelgiji. Na zote mbili zimeishia kwenye kile ambacho mgeni alichagua kurekodi siku alipopita. Kile ambacho watu wa Bunia waliomba redioni mwaka wa 1978, ao watu wa Kindu walipokuwa wakifuata habari za mtoto wao Remmy Ongala aliyevuma Dar es Salaam, kiko kwenye kaseti zinazoliwa na unyevu na vumbi. Vita imepita mara ngapi katika miji yetu, redio ngapi zimeporwa ao kufungwa? Kila kaseti iliyopotea ni mwaka mmoja uliotoka kwenye hesabu.

Hii si huzuni ya wapenda mambo ya kale peke yake. Ni jambo la mkate. Shirika la haki za watunzi, SOCODA, lililochukua nafasi ya SONECA mwaka wa 2011, linapaswa kugawia wasanii pesa za kazi zao zinazotumiwa na redio, televisheni, hoteli na nganda. Mahali popote duniani, kugawa pesa hizo kwa haki kunadai kujua ni wimbo gani ulipigwa, wapi na mara ngapi. Bila daftari, msanii wa Butembo hana cha kuonyesha, na anayejulikana zaidi Kinshasa ndiye anayehesabiwa kuwa amepigwa zaidi. Ni yale yale ya muuzaji wa Billboard na simu yake.

Kaye moja, biki moja

Je, inadai mamilioni ya dola? Hapana. Karibu mwaka wa 2010, Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo kutoka kadi za simu za watu wa Kidal, kaskazini mwa Mali. Alitaka kujua ni nini watu wa jangwani wanasikiliza ambapo intaneti ni haba, na nyimbo hizo zikatolewa kwa jina la «Music from Saharan Cellphones». Zilikuwamo nyimbo za gitaa za Watuareg ambazo hazikuwa kwenye duka lolote. Kadi ya simu ilikuwa ndiyo orodha ya nyimbo bora ya mji huo.

Huku kwetu tunaweza kuanza na redio. Tuseme kituo kimoja kinapiga nyimbo 15 kwa saa, kwa saa 6 za siku. Hiyo ni nyimbo 90 kwa siku, 630 kwa juma. Mwaka ukiisha, kaye ina mistari 32,760. Nyingi zitakuwa zile zile zinazorudiwa, lakini kurudiwa huko ndiko habari yenyewe. Kwa kila wimbo, yatosha kuandika mambo matano: tarehe na saa, jina la wimbo, msanii, lugha, na kama uliombwa na msikilizaji ao ulichaguliwa na mtangazaji. Jambo hilo la tano ndilo linalotenga ladha ya watu na ladha ya studio.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta kichwa cha kazi yake ya mwisho anaweza kuchukua kaye hizo na kuuliza maswali ya kweli. Kiswahili kinapanda ao kinashuka mbele ya Lingala na Kiingereza? Tangu Diamond aimbe na Fally «Inama» mwaka wa 2019, na Koffi Olomide «Waah!» mwaka wa 2020, nyimbo za Tanzania zimeongezeka kwetu kwa kiasi gani? Wakati wa vita, watu wanaomba nyimbo za dini zaidi, ao za kucheza?

Masharti ni machache, lakini lazima yafuatwe. Hesabu ifanywe saa zile zile kila juma, ili juma moja liweze kulinganishwa na lingine. Njia ikibadilishwa, tarehe iandikwe, tusije tukafikiri muziki umegeuka wakati ni mizani iliyogeuka. Redio za kanisa, za biashara na za jamii zote ziingie, pamoja na mtaa na kijiji. Mtu akiombwa kuonyesha nyimbo za simu yake, aulizwe kwanza kwa heshima, na jina lake lisiandikwe. Na kaseti za zamani, mwenye nazo asizitupe: kompyuta moja na waya mmoja vinatosha kuzihamisha, mbele ya mvua nyingine kuingia.

Tuseme miaka 20 imepita, na tuko tena kwenye sali ya ndoa. Kijana wa leo amekuwa papa, ameketi, anasema kwamba muziki wa siku hizi ni makelele. Binti yake anacheka, anafungua simu, na kumwonyesha: papa, mwaka ulipokuwa na miaka 23, hizi ndizo nyimbo ambazo watu wa mji wetu waliomba redioni, juma kwa juma. DJ anachagua mmoja kati ya hizo, na wote wawili wanasimama kucheza.

Jambo hilo litawezekana ikiwa kuna mtu anayeanza kuandika leo.